Ernst May: Msanifu Aliyetafuta Nyumba kwa Ajili ya Wanyonge, Kutoka Frankfurt Hadi Moshi



Msimu wa pamba unapokwisha hapa Nkoma na vijiji vya jirani, ndipo ujenzi huanza. Familia moja hununua mabati, nyingine hufyatua matofali, na jumuiya ndogondogo hukusanya michango kwa ajili ya kanisa la kigango. Mwingine hutoa fedha, mwingine gunia la choroko, na asiye na kitu hutoa nguvu zake kwa kusomba maji na mchanga. Jasho hilo lote hugeuka kuwa ukuta. Ukuta huo ukipasuka kabla ya miaka mitano, kilichopasuka ni sadaka ya maskini. Kwa sababu hiyo tumeona vema safari hii kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake halisikiki katika mahubiri yetu, lakini aliutumia umri wake wote kutafuta jibu la swali tunalojiuliza kila mwaka: mtu wa kipato kidogo atajengewa kwa vifaa gani nyumba imara, yenye hewa na heshima?

Mtu huyo ni Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki takriban miaka ishirini. Hatumleti kwenu kama mwenyeheri wala mtakatifu. Alikuwa mtu wa kipaji, mwenye bidii na mwenye mapungufu, na mapungufu yake yanatufundisha pia.

Malezi yake

Ernst May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Siku zile miji ya Ulaya ilikuwa imefurika watu waliotoka mashambani kutafuta kazi viwandani. Familia nzima ilibanana katika chumba kimoja kisicho na jua, na kifua kikuu kiliwaua wengi. Miaka mitano baada ya kuzaliwa kwake, yaani mwaka 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, ambao ndio uliofungua mafundisho ya jamii ya Kanisa kwa nyakati zetu. Kijana May alikulia ndani ya tatizo hilohilo, ingawa yeye alilitazama kwa jicho la mjenzi.

Akiwa bado kijana alikwenda Uingereza, akafanya kazi chini ya msanifu Raymond Unwin, mmoja wa watu waliotetea miji yenye bustani. Hapo alijifunza kwamba nyumba ya mfanyakazi haiwi nyumba kamili kwa kuwa na kuta na paa tu. Yahitaji mwanga, hewa safi, na kipande cha ardhi ambapo mama aweza kupanda mboga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1919, alifanya kazi Silesia, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa imo Poland, akijenga makazi ya watu wa vijijini. Vita vilikuwa vimekula mali na vifaa. Mjenzi alilazimika kutumia kilichopatikana na kuhesabu kila tofali. Umaskini ule ulikuwa shule yake ya pili.

Kuta zilizotoka kiwandani

Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimwita asimamie ujenzi wote wa mji. Katika muda wa miaka mitano hivi, chini ya uongozi wake, zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Katika mtaa wa Römerstadt, kando ya bonde la mto Nidda, nyumba zilipangwa zikiwa na bustani zake. Msanifu mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni kwa ajili ya nyumba hizo jiko dogo lililopangwa kwa makini ili mama asichoke bure kwa kwenda huku na huko. Wataalamu wengi wanalihesabu jiko hilo kuwa chimbuko la majiko ya kisasa.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni kuta. May aliona kwamba kupanga matofali moja moja kwa mkono kulikuwa ghali na kulichukua muda mrefu. Akaanzisha utengenezaji wa mabamba makubwa ya zege kiwandani. Kwa kuwa zege la kawaida ni zito na hupitisha baridi, mabamba yale yalichanganywa na jiwe jepesi la volkano, lenye vitundu vingi vya hewa ndani yake. Hewa iliyofungwa katika vitundu hivyo hupunguza uzito wa bamba na huzuia joto kupita upesi. Kreni ililinyanyua bamba na kuliweka mahali pake, na nyumba ikasimama katika muda mfupi mno kuliko ilivyozoeleka.

Hapo tunaona jinsi usanifu wa kisasa ulivyofungamana na elimu ya vifaa vya ujenzi. Umbo la nyumba zile, zilizonyooka na zisizo na mapambo, halikutokana na ladha ya msanifu peke yake. Lilitokana pia na tabia ya kifaa: bamba hutoka katika kalibu likiwa limenyooka, nalo huunganishwa na jingine kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, yafaa tuseme ukweli wote. Pamoja na jitihada hizo, kodi ya nyumba nyingi ilibaki juu kuliko uwezo wa maskini kabisa. Waliofaidika zaidi walikuwa wafanyakazi wenye ajira ya kudumu. Kifaa kipya kilipunguza gharama, lakini hakikuweza peke yake kuondoa ukosefu wa haki katika mapato.

Miaka ya kupoteza

Mwaka 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka na kazi kupungua, May alikubali mwaliko wa Umoja wa Kisovyeti. Alikwenda na kundi la wasanifu wenzake kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo mji wa chuma wa Magnitogorsk. Michoro ilikuwa mikubwa. Vifaa havikuwepo. Saruji ilikuwa haba, mbao na vioo vilikuwa haba, na amri zilibadilika kila mara. Wafanyakazi wengi waliishia kulala katika mabanda. Mwishoni mwa mwaka 1933 aliondoka. Kurudi kwao hakukuwezekana, maana Hitler alikuwa ameshatwaa madaraka Ujerumani, na watu wa aina yake hawakuwa na nafasi tena katika nchi hiyo.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwaka 1934 mtu aliyekuwa amesimamia ujenzi wa mji mzima alifika Tanganyika na familia yake akawa mkulima karibu na Arusha. Alikuwa na umri wa miaka 47. Tutafakari kidogo hali hiyo. Jina lake lilikuwa limejulikana katika Ulaya nzima, naye sasa alikuwa shambani, mbali na kazi aliyoijua, akijenga nyumba yake mwenyewe kwa vifaa vya mahali pale. Wako miongoni mwetu waliopoteza kazi, mifugo au mashamba katika umri kama huo, wakadhani maisha yamekwisha. May hakukata tamaa. Mwaka 1937 alihamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani, ingawa utawala uleule wa Ujerumani ndio uliomfanya mkimbizi. Alipoachiliwa alianza upya kwa mara nyingine.

Nyumba ya mabamba ya kupachikana

Mwaka 1945 May alibuni nyumba kwa ajili ya Waafrika wa kipato cha chini. Ilikuwa ya mabamba ya zege yaliyotengenezwa kabla na kupachikwa moja kwa jingine kwa kulabu. Nia yake ilikuwa kwamba watu wasio mafundi waweze kuisimamisha wenyewe, bila boriti za mbao zinazoliwa na mchwa. Kwa umbo, ukuta uliinama taratibu ukawa paa, kama mtu aliyekumbuka nyumba ya msonge na kutaka kuisema upya kwa lugha ya saruji.

Wazo hilo lilikuwa na akili ndani yake. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini ni dhaifu linapovutwa au kupindwa. Umbo la upinde huugeuza uzito mwingi wa paa kuwa mgandamizo unaoteremka hadi chini, na hivyo hukitumia kifaa pale kilipo na nguvu. Pale ambapo mvuto haukwepeki, huwekwa nondo, maana chuma hustahimili kuvutwa. Viwili hivyo vinakaa pamoja kwa sababu hutanuka kwa joto kwa kiasi kinacholingana karibu sawasawa. Kama vingetofautiana, jua la mchana na baridi ya usiku vingevitenganisha. Tena saruji huilinda nondo isishikwe na kutu, mradi nondo imefunikwa vema.

Hata hivyo nyumba ile haikuenea. Saruji na chuma vilikuwa ghali, na mabamba yalihitaji kiwanda na usafiri. Lakini tunadhani iko sababu ya ndani zaidi. Mwafrika ambaye nyumba ilibuniwa kwa ajili yake hakuketi mezani wakati wa kubuni. Nyumba ya msonge haikuwa umbo tu. Ilikuwa na mpangilio wa boma, mahali pa ng'ombe, mahali pa wazee na mahali pa vijana, na ilijengwa kwa mikono ya majirani waliojua kuitengeneza ilipoharibika. Nyasi zikivuja, jirani hukata nyasi nyingine. Bamba la zege likivunjika, nani kijijini ataliumba jingine?

Kasoro hiyo ilionekana kwa uwazi zaidi Kampala. Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Alisoma vilima, upepo na njia za maji kwa ustadi. Lakini mpango huo uliwatenga watu kwa rangi: makazi ya Waafrika mahali pake, ya Waasia mahali pake, na ya Wazungu mahali pake. Aliwatazama Waafrika kama watu wa kuongozwa polepole kuelekea ustaarabu ambao wengine walikuwa wameshaupanga. Mtu aliyefukuzwa na ubaguzi kwao alishindwa kuukataa ubaguzi ugenini. Hatulisemi hili ili kumhukumu marehemu, maana hukumu ni ya Mungu. Tunalisema kwa sababu nasi twaweza kuwa na macho makali mahali tunapoumizwa, tukawa vipofu mahali tunapofaidika.

Moshi na Kampala

Kazi zake mbili zingali zinaonekana na yeyote anayesafiri. Ya kwanza iko Moshi. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilimpa kazi ya kusanifu jengo lake kuu, nalo lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake zilipangwa ofisi, maduka, ukumbi na vyumba vya wageni. Safari hii aliyetoa kazi alikuwa mkulima Mwafrika kupitia chama chake. Mkulima alisema anachotaka, akalipa kwa kahawa yake. Sisi wa nchi ya pamba twalielewa jambo hilo, maana wazee wetu wa Usukuma nao waliungana katika vyama vya ushirika wakati wa miaka hiyo ya 1950, wakaunda shirikisho lao mwaka 1955. Walijua maana ya kuwa na jengo lililosimama kwa jasho la mavuno.

Ya pili ni Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, lililofunguliwa mwaka 1954. Humo alitumia matundu ya juu ukutani ili mwanga uingie bila jua kali, na hewa ya moto itoke bila mashine. Katika majengo yake ya Afrika Mashariki alijifunza kuliheshimu jua la Ikweta: kuligeuza jengo kulingana na mapito ya jua, kuweka vikinga jua mbele ya madirisha, na kuuachia upepo njia ya kuvuka chumba.

Wakati jumba hilo lilipofunguliwa, yeye alikuwa akirudi Ujerumani, ambako miji ilikuwa imebomolewa kwa mabomu na mamilioni ya watu hawakuwa na makazi. Akiwa Hamburg alifanya kazi katika shirika kubwa la nyumba, akasaidia kupanga makazi mapya mahali pengi. Alifariki dunia tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Maisha haya yanatudai nini?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliitaja nyumba miongoni mwa mambo ambayo binadamu anayahitaji ili aishi maisha yanayostahili utu wake. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, alifundisha kwamba wanaopanga makazi wawasikilize kwanza wale watakaoishi humo. Tukiyapima maisha ya May kwa mafundisho hayo, tunaona nusu moja iliyong'aa na nusu nyingine iliyokuwa na giza. Alikijua kifaa, na alitaka kijitume kwa ajili ya mnyonge. Ila hakumsikiliza vya kutosha mnyonge huyo. Anayejenga anadaiwa yote mawili: kukijua kifaa na kumsikiliza mtu.

Kukijua kifaa ni wajibu wa dhamiri, hasa fedha inapokuwa ya waamini. Saruji haikauki kama tope linavyokauka juani. Hushikamana kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa majuma mengi. Kwa kawaida wahandisi huipima nguvu ya zege likiwa na siku 28. Basi fundi anayeacha zege jipya likaushwe na jua la Simiyu tangu siku ya kwanza anaipoteza nguvu ambayo waamini wameilipia. Zege limwagiliwe na kufunikwa kwa siku saba angalau. Vivyo hivyo, maji mengi kupita kiasi wakati wa kuchanganya huurahisishia mkono kazi, lakini hulidhoofisha zege. Kazi ya kumwagilia haihitaji fedha. Jumuiya moja yaweza kupangiwa asubuhi, na nyingine jioni.

Tuujue pia udongo wetu. Udongo mweusi wa mbugani huvimba mvua zinaponyesha na hupasuka wakati wa kiangazi. Msingi mfupi uliokaa juu yake husukumwa na kuvutwa kila mwaka hadi ukuta unapasuka kuanzia pembe za madirisha. Mfano wa Bwana wetu juu ya nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga, wakulima wetu wanauelewa bila maelezo. Kabla ya kuchimba tumuulize mzee anayejua mahali panapotuama maji, na tumuulize mhandisi kina cha msingi. Tukiweza kuchagua, tujenge palipoinuka, kwenye udongo wa kichanga wenye mawe.

Tufikirie miti yetu. Tanuri moja la matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, na wazee waliotunza ngitili hawakuzitunza ili ziishie tanurini. Matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hayahitaji moto, mradi udongo wenyewe umepimwa kwanza. Kanisa nalo tulijenge kwa hekima ya jua. Desturi ya kale ya kuielekeza altare mashariki inafaa vizuri katika nchi yetu: kuta ndefu zenye madirisha hutazama kaskazini na kusini, na jua kali la asubuhi na la jioni hupiga kuta fupi tu. Tukiacha matundu chini ya paa, waamini hawataungua chini ya bati wakati wa Misa ya saa nne.

Zaidi ya yote, tuwasikilize wale watakaotumia jengo. Kamati ya ujenzi isiwe ya wenye sauti peke yao. Wamama wanaobeba watoto wakati wa Misa, wazee wasioweza kupanda ngazi, na wagonjwa wanaoletwa kwa baiskeli waulizwe kabla msingi haujachimbwa, maana baada ya zege kumwagwa, kuuliza ni kuchelewa.

Tumwombe Mungu, aliye mjenzi wa kwanza wa vyote, awape mafundi wetu mikono minyofu na kamati zetu masikio ya kusikia. Na roho ya marehemu Ernst May, aliyeishi katika nchi yetu kama mgeni na kuacha humo kazi ya mikono yake, tuikabidhi kwa huruma yake Mwenyezi Mungu. Amina.